Bega la Nyundo

Gazeti la wilaya liliandika kwamba kipanya cha kompyuta kinamaliza mkono wa mtu polepole. Orrin, ambaye husoma gazeti kwa sauti hata akiwa peke yake, ndiyo maana wakamwita Redio, aliisoma habari hiyo mara mbili pale kaunta, kwenye mgahawa wa LaVonne.

Verlin akashusha kikombe. Huyu ndiye Nyundo, asiye na mfano mjini katika mchezo wa kurusha viatu vya chuma vya farasi vitue kwenye kigingi, na Jumamosi kwenye maonyesho ndiye wanayemtegemea arudishe kombe kutoka mji jirani wa Holm Creek. Bega lake la kulia lilikuwa linawaka moto wiki nzima. Hakuwa amemwambia mtu, aliona aibu.

“Mbona umekunja uso?” akauliza Duane, maarufu kama Trekta kwa ule mngurumo wake.

“Bega linauma.”

“Lile la kurushia?”

“Kwani ninayo mangapi ya kurushia, Trekta?”

“Umebeba magunia ya mbegu?”

“Magunia gani? Mimi nauza mbegu kwa kompyuta. Kutwa nzima nabofya.”

“Tumekwisha,” Trekta akasema. “Holm Creek watatucheka mpaka mahindi yavunwe. Babu zetu wamelima wakazikwa na mabega yao mazima, wewe unaangushwa na kidude cha kujaa kiganja.”

“Tulieni, dawa imeandikwa hapa,” Redio akasema. “Kiwiko kikae karibu na mbavu. Kipanya kiwe ubavuni mwa kibodi. Usikibane kama unamnyonga kuku.”

“Hilo la kuku limeandikwa?”

“Hilo nimeongeza mimi.”

Redio akapanga boksi la leso za karatasi na kichupa cha chumvi. “Hii kibodi, hiki kipanya. Kaa kama unavyokaa ofisini.”

Nyundo akakaa. Akakisukuma kichupa mbali, akakisukuma tena, mpaka mkono ukanyooka wote na chumvi ikatua kwenye sahani ya mayai ya Trekta.

“Wewe unabofya ofisi ya jirani?” Trekta akauliza.

“Hapa katikati pana kitu.”

“Kitu gani?”

Nyundo akatazama dari. “Pai.”

LaVonne akaacha kufuta kaunta. Kila asubuhi humfungia pai nzima ya tufaha ya kupeleka kazini. “Si uliniambia ni ya ofisi?”

“Nailia ofisini, dada.”

“Basi jibu tunalo,” Redio akasema. “Pai iondoke, kipanya kisogee, kombe lirudi nyumbani. Mshika mawili moja humponyoka, bwana. Chagua.”

Nyundo akawaza. Akalifikiria kombe, ambalo marehemu baba yake alilishinda. Akauwaza ule ukoko wa siagi na mdalasini. Roho ilimuuma kweli, na kahawa ikapoa mbele yake. Hatimaye akaweka mkono wa kushoto juu ya kaunta, akaukunja vidole kimoja kimoja, akiukagua.

“Hivi,” akauliza taratibu, “mtu akianza leo kujifunza kurusha kwa kushoto, Jumamosi si itamkuta ameshaweza?”