Mgongo Wangu na Blanketi la Mzee Miraji

Jumanne, 9 Septemba

Mgongo umekwisha. Miezi minne tumechimba duara la Mzee Miraji, shimo lake la dhahabu, hapa Sekenke bila kuona kitu. Jana tumefika kwenye mwamba wenyewe. Leo, kiroba cha kwanza cha mawe mazuri, nimeinama kukibeba na kiuno kikalia kama kijiti kikavu. Nimepandishwa juu kwa kamba, pamoja na kiroba.

Mzee Miraji akanipa pole. Akasema ana huruma, lakini sheria ni ileile: asiyeshuka hana fungu. Nisiposhuka Jumatatu, nafasi yangu anapewa Gasto, anayevuta kamba juu.

Gasto naye akanipa pole. Kisha akaniuliza mabuti yangu ni namba ngapi.

Mwaka na miezi saba sijafika Kasulu. Nilimwahidi mke wangu Luciana kwamba nikirudi tunaezeka bati. Jumatatu lazima nishuke!

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata dawa! Mama Eliana, anayetupikia hapa kambini, alinifungia maandazi kwa ukurasa wa kitabu. Ukurasa wa 41. Kichwa: Tiba kwa Njia ya Maji. Nimesoma mara tatu, mafuta na yote. Kwanza mgonjwa akae kwenye maji baridi. Halafu maji ya moto. Halafu aviringishwe blanketi lililolowa. Maumivu yanatoka yenyewe. Sentensi ya mwisho imechanika: "Mwenye maumivu makali ya mgongo asi..." Asi nini? Asichelewe, nadhani.

Maji hapa yanaletwa na punda, na msimu huu ni ya kugombania. Nikamwambia mwenye punda kwamba Mzee Miraji kaagiza madumu sita yashushwe kwenye kibanda chetu. Hakuuliza. Watu wema wapo.

Nikakaa ndani ya pipa lililokatwa nusu. Baridi! Nilipotaka kutoka, kiuno kikakataa. Gasto alinivuta kwa makwapa na pipa likaja nyuma yangu. Akasema ameona kobe wengi, huyu wa Kigoma ndiye wa kwanza kulia. Sikuwa nalia. Yalikuwa maji.

Alhamisi, 11 Septemba

Hatua ya pili imeshindikana. Nilimwomba Mama Eliana sufuria moja ya maji ya moto. Akaniuliza kama nataka wenzangu wale ugali mbichi. Maji hayatoshi. Hata mwaloni, pale tunapooshea mawe yaliyosagwa, wamesimama katikati ya kazi, kuna mtu kamaliza maji yao. Nikasema binadamu wana roho mbaya.

Basi, hatua ya tatu: blanketi. Langu lina matundu mengi kuliko blanketi. Lakini kwenye uzio wa mwalo nimeona moja zuri limeanikwa. Najua kazi ya yale mablanketi. Yanatandikwa kwenye ubao wa mteremko, tope la mawe yaliyosagwa linapitishwa juu yake na maji, dhahabu inanasa kwenye manyoya. Kisha yanakamuliwa ndani ya beseni. Kwa hiyo blanketi likiwa kwenye uzio, limeshakamuliwa. Halina kazi. Nitaliazima kidogo tu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimelichukua alfajiri. Zito! Nikafurahi, maana blanketi zito linashika maji vizuri. Lilikuwa na tope jingi, na mimi sipendi kuwashwa. Nikalisuuza nyuma ya kibanda kwa maji yaliyobaki pipani. Mara tatu, mpaka maji yakawa meupe. Nikajiviringisha. Nikalala kama mtoto.

Mchana nikasikia kelele. Mlango ukafunguliwa. Gasto akapiga ukelele kwamba mwizi huyu hapa, kajifunga kama sambusa! Nikaeleza hatua zote tatu. Nikamhakikishia Mzee Miraji kwamba blanketi lake liko salama, tena safi kuliko lilivyokuwa.

Akaniuliza kwa sauti ndogo lile tope liko wapi.

Nikasema nimemwaga lote, asiwe na shaka.

Mzee Miraji akakaa chini. Kwenye vumbi, na kanzu yake ya Ijumaa. Ndipo nikaelewa. Maji yalikwisha jana kabla ya kukamua. Walilitundika na mzigo wake. Mawe ya kwanza ya mwamba wetu. Fungu la watu wanane!

Jumamosi, 13 Septemba

Usingizi sikupata. Bati za Luciana nilizimwaga kwa mkono wangu.

Gasto alitaka nifukuzwe kambini na pipa langu kichwani. Mzee Miraji akasema udongo hauna miguu. Nyuma ya kibanda pachimbwe shubiri mbili, udongo wote upelekwe mwaloni, na nibebe mimi.

Mama Eliana akaja na mwiko mkononi. Akamwamkia Mzee Miraji shikamoo, kisha akamwambia mgonjwa habebi kabla hajakandwa. Akanilaza kifudifudi kwenye benchi lake. Kitambaa, maji ya moto, chumvi. Maji ya ugali wake! Akaniuliza Luciana ana watoto wangapi. Nikasema watatu, mdogo hajui sura yangu. Akabadilisha kitambaa. Akaniambia nitulie, na makaratasi nimwachie yeye.

Nikabeba ndoo ndogo ndogo. Gasto hakuvumilia, maana fungu lake nalo lilikuwa kwenye ule udongo. Akajaza pipa, akalibeba peke yake, akinitukana njia nzima. Safari saba.

Jumatatu, 15 Septemba

Dhahabu imepatikana! Imepungua kiasi ambacho Mzee Miraji anakiona na mimi sikioni. Nimeshuka. Nimebeba viroba vitano. Mzee Miraji anasema si kwamba amenisamehe, hana mtu mwingine. Gasto amelala kibandani, hageuki. Mgongo.

Nilimpa pole. Sikumuuliza namba ya mabuti. Nimekuwa mtu mzima.

Mama Eliana anadai nimepona kwa kitambaa chake na kwa kulala siku nne. Simbishii, kanisaidia. Lakini blanketi ndilo lililonyoosha mgongo, hilo nalijua mwenyewe.

Usiku huu Gasto ameniomba, kwa sauti ya chini, nimsaidie. Kaniita kaka! Na bahati haikunitupa: maandazi ya jioni yamefungwa kwa ukurasa wa 43. Tiba ya mvuke. Mgonjwa akae juu ya maji yanayochemka, afunikwe kitu kizito kisichopitisha hewa. Mwisho wake nao umechanika, lakini nimeelewa.

Turubai lipo. Liko jirani na karasha, mashine yetu ya kusagia mawe, limetandazwa juani tangu jana, hakuna anayelilalia. Lina unga unga wa mawe juu yake.

Nitalikung'uta kwanza, upepo ukivuma vizuri.