Kesi Yangu Dhidi ya Kitabuni

Jumatatu, 13 Januari 2025
Mwalimu Shuaib kanisaliti! Kila Januari hununua kamusi za shule dukani kwangu, hapa Mkomani, mjini Amu. Mwaka huu kaagiza Kitabuni, lile duka la mtandaoni. Eti bei ni nusu, na mzigo unafika hadi gatini. Nusu! Hata mimi siuziwi hivyo. Nimempigia mchapishaji Nairobi. Kanong'ona kwamba Kitabuni wamemfunga kwa mkataba: asimuuzie mwingine yeyote kwa bei kama yao. Ukiritimba mtupu. Duka hili kaniachia baba. Halifi mikononi mwangu. Nitashtaki serikalini, kwa wanaosimamia ushindani wa biashara.

Jumanne, 14 Januari
Malalamiko tayari, kurasa kumi na moja. Mke wangu Nasreen kauliza mbona baba katajwa mara tisa na Kitabuni mara mbili. Hajui sheria. Ila kasema sahihi moja haina uzito, nimtafute muuza vitabu mwenzangu. Amebaki mmoja tu: Bi Ruqaiya wa Shela. Miaka mitatu hatusemezani, tangu aanze kuuza ramani nilizokuwa nikiuza mimi. Heri nife.

Jumatano, 15 Januari
Nimekwenda Shela kwa miguu. Jua kali. Bi Ruqaiya kanipa maji ya ukwaju, kasoma, katia sahihi. Kitabuni wamemuumiza naye.
“Bwana Idarus,” kaniambia, “nti nzima, kisiwa chote hiki, ina maduka mawili ya vitabu, na wenyewe hatuamkiani?”
Nimeona haya. Dakika moja hivi. Kisha wazo! Kitabuni wakianguka, yeye achukue Shela, mimi Amu, bei yetu iwe moja, tena ya juu. Kageuka, kaanza kufuta meza. Nimehesabu amekubali, nikaongeza ukurasa wa kumi na mbili wenye mpango huo.

Alhamisi, 16 Januari
Nimetuma kwa barua pepe. Kimya. Nimeangalia simu hata Nasreen kaificha kwenye pipa la mchele. Nimeipata. Kimya bado.

Jumatatu, 20 Januari
Wamepiga! Afisa wa ushindani wa biashara, Bi Quinter, sauti ya upole. Kasema wauza vitabu wengi wamelalamikia mkataba uleule, na uchunguzi umeanza. Nimeruka, nikagonga kichwa kwenye rafu. Ndipo akaja kwenye ukurasa wa kumi na mbili. Wauzaji wawili kupatana bei na kugawana wateja, kasema, nako ni kuvunja sheria hiyohiyo. Nikamwambia ukurasa huo kauandika mke wangu. Nasreen alikuwa nyuma yangu.

Jumanne, 21 Januari
Nimekula mkate mkavu, asubuhi na jioni. Bi Ruqaiya kaondoa sahihi yake, kaandika malalamiko yake mwenyewe. Ukurasa mmoja! Utafaa nini?

Jumatano, 12 Februari
Kitabuni wamelifuta sharti lile kabla uchunguzi haujaisha. Bi Quinter kamshukuru Bi Ruqaiya kwa maelezo yaliyonyooka. Mimi nimeletewa barua ya onyo. Mchapishaji kanishushia bei, na Mwalimu Shuaib kaja kuagiza atlasi: nusu kwangu, nusu Shela. Alhamdulillahi. Nasreen kasema nimepata funzo.
Kweli nimelipata. Kosa langu lilikuwa kuandika. Madaftari hapa tunauza mimi na jirani yangu Fawaz tu. Kesho namfuata tupatane bei, kwa mdomo, pasiwe na karatasi. Shilingi sabini kila moja, asiteremke mtu. Naiandika hapa nisije nikasahau.