Kila Askari na Mtoto Mgongoni

Jumatatu, 9 Machi
Kazi mpya Kyambogo, juu ya duka la dawa. Tuko wawili: mimi na Blandine, wa Goma kama mimi, lakini yeye ana miwani. Kila mmoja ana mashine yake kwenye kompyuta. Mashine inatazama picha, inaandika maelezo, nami naipa alama. Ikipata kumi, inaandika vilevile tena. Bosi wetu Helen amesema Ijumaa ni mtihani. Mwenye mashine bora atabaki, mwingine atarudi nyumbani. Mpango ninao tayari: maelezo marefu, kumi. Blandine anasoma kila neno, maskini.

Jumanne, 10 Machi
Mashine imeshika haraka. Picha ya mchukuzi wa soko la Kikuubo na gunia lake: ukurasa mzima, mpaka jina la shemeji yake. Helen akauliza shemeji yuko wapi kwenye picha. Hayupo. Akasema kwa upole, alama ni za vinavyoonekana: viwe vingi, lakini viwe vya kweli. Nimeelewa kabisa.

Jumatano, 11 Machi
Mashine imeandika: mama amebeba mtoto mgongoni, kitenge kimefungwa vizuri. Nikatazama, kweli tupu. Na mwanangu Guerschom alikuwa amelala mgongoni kwangu vivyo hivyo. Ningeinyimaje kumi? Baadaye usingizi ulinizidi, nikawa natoa kumi nikiona tu neno "mtoto". Picha sikuzitazama. Blandine akauliza, Mama Guerschom, unafundisha mashine ama umefungua kliniki? Wivu. Yeye anatoa alama kama afisa wa mpaka.

Alhamisi, 12 Machi
Alama zinapanda kama maziwa yanayochemka. Guerschom alivuta waya wa kompyuta. Nikamwambia hapana, mara moja, akaacha. Mimi kufundisha ninajua.

Ijumaa, 13 Machi
Mtihani. Picha ya kwanza: askari wa barabarani, Kabalagala. Mashine yangu: askari amebeba mtoto mgongoni. Ya pili, pikipiki: imebeba mtoto mgongoni. Ya tatu, kreti za soda. Sitaki kuiandika. Helen akauliza mtoto wa askari yuko wapi. Nikasema labda amelala upande wa nyuma. Mashine ya Blandine: askari mmoja, filimbi mkono wa kulia, kiatu cha kushoto hakina kamba. Nikakagua kiatu. Hakina.
Blandine amebaki. Nilipokuwa nafunga kitenge niondoke, akamwambia Helen nipewe wiki moja ya majaribio, picha za fanicha tu, zisizo na mtu. Sikutegemea hilo kwake. Nimemshukuru kwa ufupi.

Jumatatu, 16 Machi
Fanicha ni rahisi. Mashine imeandika maelezo mawili ya kochi moja. Ya kwanza: kochi jekundu, mito miwili, mguu mmoja umeinuliwa kwa tofali. Kavu. Ya pili: kochi linamsubiri mgeni. Nimesisimka mwili mzima. Kumi! Kufika saa sita, stuli zote zinamsubiri mgeni, na kabati moja limeanza kuwa na wasiwasi. Helen anakuja kukagua saa nane. Safari hii Blandine ajipange.