Ngozi Yangu na Mafuta ya Jamaika

Gilgil,
Jumanne.

Kwako kwa heshima, Mama yangu Sue,

Usishtuke mwanamke wa miaka sitini na nane kukuita mama. Ulipojifungua binti na mwanangu Kahiga akampa jina langu, Wamaitha, kama mila yetu inavyotaka, ulinizaa mimi. Gilgil nzima imenipa hongera ya kuzaliwa. Kwa hivyo nakuandikia kama mtoto wako, tena kama mama mkwe wako, na wote wawili tumekasirika.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Jana kwenye simu ya video nilikuona kwa macho yangu ukinipaka mafuta meusi ya Jamaika. Mimi sijawahi kufika Jamaika. Hata Nakuru naenda nikiwa na shida. Hukuniuliza.

2. Hiyo ngozi ni yangu. Nimeivaa miaka yote hii bila upele, na dawa yake ni mafuta ya mbariki, yaani nyonyo. Mbariki, Sue! Ule mti unaojiotea nyuma ya choo, nyuma ya zizi, hata kwenye jaa la hapo kwenu Kiamunyi, nanyi mnaukata mkisema ni magugu. Haukuletwa na meli ya mtu. Babu zetu waliukuta hapa. Mama yangu alikuwa akikaanga mbegu, anatwanga, anachemsha, kisha anaengua mafuta. Yalilainisha ngozi za kuvaa, yakawasha taa, yakampamba bibi arusi, na yakafungua tumbo la baba lililokuwa limefunga kama ofisi ya serikali Ijumaa jioni. Mpaka leo bawaba za mlango wangu hazilii.

3. Wiki jana nilifika getini kwenu na chupa yangu ya mbariki. Mlinzi akaniuliza, "Mathe, umebuku?" Ati siku hizi mtoto anaonwa kwa miadi! Sasa mimi nitabuku vipi kwenda kujiona?

4. Nikipakwa mafuta ya kigeni nitakua na tabia za kigeni. Nikifika miaka mitano nitakataa kula mukimo. Nikifika ishirini na tano nitaolewa huko huko Jamaika, Kahiga atumiwe mbuzi wa mahari kwa simu. Na nikifa, nani atanizika? Hili la nne limeninyima usingizi.

Naomba basi chupa hiyo ifungwe leo, na Jumamosi nije nijipake mwenyewe, kwa mikono yangu. Mkikataa, nalirudisha jina langu Gilgil, nanyi mtafute lingine.

Msalimie Kahiga, avae sweta. Mama yako mzazi naye msalimie, maana najua ni yeye aliyeshauri mambo ya Jamaika. Hata yule mlinzi, salamu zake zimfikie.

Ni mimi mwanao mtiifu, na mama mkwe wako asiye mtiifu,
Wamaitha

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nilipitia duka la vipodozi la jirani yangu Samsam, nitazame chupa kama hiyo nikuandikie ubaya wake wote. Nikaifungua. Sue, ni mbariki! Mbegu zimekaangwa mpaka zikawa nyeusi, vile vile mama alivyozikaanga. Zilifikaje Jamaika sijui, lakini harufu ni ile ile. Nilikaa kwenye kreti ya soda nikalia kama mjinga, Samsam akafunga duka. Tangu mama azikwe, hakuna mtu amewahi kunipaka mafuta. Kwa hivyo usiifunge hiyo chupa. Nipake. Na ukifika nyuma ya magoti usiharakishe, hapo ndipo ninapopenda.