Kanisa Lisilo na Mlango

Leo nimeaibika, wadau. Tena kanisani, Ijumaa, na tai shingoni.

Mnajua tunavyobanana kwenye ule ukumbi wa kukodi hapa Dubai. Tumeongezeka hadi kwaya inaimbia kwenye ngazi. Sasa tumepewa kiwanja, na familia moja ya wamisionari, Ndugu Danieli, mkewe Ruthi na binti yao, wamekuja kutusaidia kupanga jengo. Waliishi miaka mingi kwa Wamaya, huko milimani Guatemala, na kanisa la kule lilifurika hivi hivi. Wanasema hawakuanza na karatasi. Waumini walichora jengo chini, ukubwa wake wote, kisha wakatembea ndani waone kama linawatosha.

"Nani hapa anajua mambo ya saiti za ujenzi?" Danieli aliuliza wiki iliyopita.

Mkono wangu ulikuwa juu kabla sijafikiri. (Nimekaa saiti miaka mitatu, ni kweli. Getini. Mimi ni mlinzi.) Kazi ya kuchora nikapewa mimi. Leo tulikuwa tunachagua mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na cheo hicho nilikitaka mpaka nikakiota.

Basi asubuhi nimetoka zamu Al Quoz, moja kwa moja hadi kiwanjani na kamba, futi na mfuko wa chokaa. Nikachora ukuta wa mbele, madhabahu, ofisi ya mchungaji. Chokaa ikaisha. Maduka yamefungwa hadi baada ya sala ya Ijumaa. Nikaona kikapu cha chakula chetu cha mchana, kilicholetwa mapema, ndani yake pakiti nne za unga wa ugali alizobeba Mama Njeri kwenye sanduku kutoka Nairobi. Unga ni mweupe, nikajiambia, Bwana ataelewa. Nikamalizia ukuta wa nyuma na choo.

Waumini wakafika, kina mama na kofia zao. Wakasimama mbele ya mstari. Hakuna aliyevuka.

Ruthi akauliza kwa upole, "Ndugu, tunaingilia wapi?"

Nikazunguka jengo zima. Hakuna mlango. Mimi, ninayelipwa kusimama mlangoni masaa kumi na mawili kwa siku, nimesahau mlango!

Ndipo nikawaona njiwa. Kundi zima, wanakula ukuta wa nyuma. Walishafungua mwanya wa kama mita mbili.

"Mlango ni ule kule," nikasema. (Sauti ya mwenyekiti kabisa.)

Kwaya ikatangulia ikiimba, mchungaji akafuata, kina mama nyuma yake. Wakaingia wote, wakabanana.

"Hivi viduara viwili tunavyovikanyaga ni nini?" mchungaji akauliza.

"Ni... ni choo, mchungaji."

Kwaya ikarudi nyuma hatua moja. Binti wa Danieli akageuka kutazama barabarani, mabega yakitikisika. Mtu mmoja akatoa ile simu yake mpya yenye kamera.

Mama Njeri akainama, akagusa ukuta kwa kidole, akaonja.

"Wewe, huu si unga wangu?"

Mchana tumekula sukuma bila ugali, na hakuna aliyenipitishia chumvi. Kura zikapigwa. Mwenyekiti ni Mama Njeri. Mimi nilipata kura moja, na mwandiko wake naufahamu vizuri sana. Uamuzi wa kwanza wa Mama Njeri: mimi nisimamie mlango, nianze kwa kuuchora.

Haya, chekeni. Lakini siku ya kuzindua nitakuwa mlangoni, na nyote mliocheka mtapitia chooni.