Hotuba ya Kuzindua Mfumo wa Mkalimani Dijitali, Toleo la Pili

Mheshimiwa Makamu wangu, ambaye amekwama kwenye robot, yaani taa za barabarani, pale Marshalltown. Waheshimiwa wachungaji, mashehe, ba papa na ba maman wa Kongo. Wawakilishi wa washonaji, wasusi na walinzi wa zamu zote. Wadau wa maendeleo, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naomba ionekane imezingatiwa. (Makofi ya mstari wa mbele.)

Mimi, Pandu, Mwenyekiti wa Umoja wetu wa Waswahili wa Johannesburg, nasimama mwaka huu wa 2018, kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifu, kuzindua upya sofutwea ya kimkakati ambayo mwanachama huingiza jina la mgonjwa wake kwenye kompyuta ya ofisi hapa Doornfontein, nayo ikampangia mkalimani wa kwenda naye hospitali. Mafanikio ya toleo la kwanza ni asilimia mia moja, kwa maana kila aliyeingiza jina alijibiwa: "Ombi lako linashughulikiwa." (Mtu anakohoa.)

Najua yapo maneno. Dada Denise, msusi, aliingiza jina la mama yake, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, na miezi ilipopita akaja kuniuliza. "Baba Mwenyekiti, maman sasa anapapasa ukuta kwenda chooni. Mkalimani atakuja lini?" Nikamjibu kitaalamu kwamba mchakato una hatua. Badala ya kuridhika, akaenda kumwambia jirani yake wa Kensington, Arlène.

Arlène huyu, ndugu wajumbe, ameandika programu za maduka na mabenki tangu akiwa Bukavu, mtu ambaye angeweza kustarehe na ujuzi wake. Aliniomba aone programu yetu ilivyoandikwa. Nikamwambia ni siri ya usalama, nikampa tu nakala ya namba tupu za mashine, isiyosomeka. Basi, kwa masikitiko makubwa, akaanza kujifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza lugha ya asembli, ile iliyo karibu kabisa na usemi wa mashine yenyewe, ili aifumue programu yetu uzi kwa uzi ajue inafanya nini. Mumewe, Emery, ananiambia mke wake alikuwa akiongea peke yake jikoni: "Nimeamrisha mashine miaka yote hii, na sikujua inasikia nini." Kuna siku alilia. Kuna siku alicheka, na hapo ndipo Emery alipoogopa. (Kicheko. Mwenyekiti anangoja kiishe.)

Akaja ofisini. "Mwenyekiti, nimefuata rejista zote."

Nikamjulisha kwamba rejista za mahudhurio hazitoki ofisini. Akasema rejista ni vijisanduku vya ndani ya mashine, inamowekea namba ikiwa kazini. "Nimefika mahali programu inapotakiwa kutuma jina la mgonjwa. Pale pana agizo la kuruka. Inaruka kila mara, inakwenda moja kwa moja kuandika 'Ombi lako linashughulikiwa.' Majina hayaendi popote."

Nikamwuliza kwa hekima: Arlène, tangu lini kuruka kukawa kurudi nyuma?

(Sauti kutoka nyuma: "Na mama yake Denise?")

Swali zuri. Arlène hakungoja mchakato. Alimshika mama mkono, akaenda naye hospitali, akakaa naye benchini akimtafsiria, wakarudi tena na tena mpaka mama akapasuliwa. Yuko pale mbele, ananitazama. Ananitazama sana. Ofisi imekwisha kumwingiza kwenye takwimu za mafanikio.

(Mama: "Ni ye huyu?" Denise: "Ndiye, maman." Mama anageuza kiti, anampa Mwenyekiti mgongo.)

Toleo la pili, kwa hiyo, limezingatia maoni yenu: lina rangi ya kijani, na lile gurudumu la kusubiria kwenye skrini linazunguka kwa kasi zaidi. Nikisema Dijitali, semeni Mbele. Dijitali. (Mtu mmoja: "Mbele.") Mkalimani. (Watu wanasimama, wanamzunguka Arlène, wanamtajia wagonjwa wao.)

Naona mmejaa hamasa, basi namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wakuu wa hospitali kwa ushirikiano wao, na tutawaandikia kuwajulisha kwamba wanashirikiana nasi. Nawashukuru zaidi wakalimani wetu mashujaa, nguzo ya mfumo huu, na siku tutakapompata wa kwanza, nitamleta hapa mumpigie makofi.