Kaza Kidogo

Alhamisi, 6 Juni

Mimi ni mume wa mtu! Bado sijazoea. Asubuhi nimemtazama mke wangu akipiga mswaki, nikaona hata povu linampendeza. Nikamwambia. Akacheka hadi likamdondokea kwenye gauni. Raha iliyoje!

Halafu akalia. Ni habari ya baba yake, aliyefariki muda mfupi kabla ya harusi yetu. Ameacha pikapu kuukuu waliyoiita Filimbi, iliyobaki huku bondeni gereji. Ina supachaja, ile pampu inayoshindilia hewa ndani ya injini, na ikipanda kilima hupiga mluzi wa kusikika mbali. Mama mkwe anaishi huko juu milimani na macho yake hayaoni vizuri. Alikuwa anamjua mumewe kwa mluzi huo. Akiusikia tu, anakwenda kufungua geti. Tangu mazishi hajatoa hata chozi. Anakaa dirishani, anasikiliza barabara. Amemwomba binti yake ampelekee Filimbi aisikie tena, mara moja tu.

Mpango: Jumamosi tunampelekea. Naendesha mimi. Shemeji, kaka yake mke wangu, amesema kwenye simu kwamba mimi hata mlango wa kuvuta nausukuma. Wivu.

Ijumaa, 7 Juni

Gereji. Fundi aliyekuwa akiitengeneza Filimbi enzi za marehemu ni mtu wa kununa, lakini anajua kazi. Amesema huko juu hewa ni nyembamba. Mafuta yaliyopimwa kwa hewa ya huku bondeni yatazidi, injini itapaliwa. Kwa hiyo ikianza kukohoa, nikaze kidogo. Kidogo, umenisikia bwana harusi? Nikamjulisha kwamba fizikia nimeisoma mpaka kidato cha nne.

Akaendelea: na mkianza kushuka... Hapo mke wangu akaingia na kilemba cha njano. Njano! Mwisho wa maneno sikuusikia. Nikatikisa kichwa kwa heshima.

Kanipa na bisibisi ndogo. Zawadi ya harusi, nadhani. Nimeguswa sana.

Jumamosi, 8 Juni

Siku mbaya.

Tulianza vizuri. Mluzi safi, mke wangu kaniegemea begani, machozi na tabasamu pamoja. Kwenye kona za juu Filimbi ikakohoa. Nikakumbuka fundi. Kaza! Nikakanyaga mafuta hadi chini. Ikakohoa zaidi. Nikakaza zaidi! Moshi mweusi, harufu ya petroli. Mke wangu akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia aniamini, mimi ni mumewe.

Ikazima chini ya kilima cha kwao. Hapo hapo!

Shemeji akashuka na trekta kutoka kwa mama yake. Akauliza fundi aliniambia nikaze nini. Nikasema mwendo. Akacheka mpaka akakaa kwenye bampa. Skrubu, wewe! Skrubu ya mafuta! Na bisibisi hiyo mfukoni ulidhani ni ya nini, ya kuchokolea meno? Kisha akaitazama pikapu ya baba yake na kicheko kikamwisha.

Tukavutwa bila mluzi. Mama mkwe alikuwa amesimama getini, mkono kwenye komeo, hajafungua. Akauliza ni nani. Mke wangu akasema ni sisi, mama. Mama akauliza: na yeye yuko wapi?



Jumapili, 9 Juni

Ushindi!

Nimeamka mapema. Shemeji kafuta plagi, mimi nikashika skrubu. Nikakaza kidogo. Injini ikawaka, ikatulia. Nikaongeza na kidogo cha mapenzi. Nikashuka nayo mpaka chini ya kilima, nikageuza, nikapanda.

Ikaimba! Mluzi ule ule, mke wangu anasema, ule ule kabisa. Mama mkwe akatoka mbio mikono mbele, nusura ajikwae kwenye kizingiti. Akavuta komeo, akafungua geti lote. Akaja kuweka viganja kwenye boneti. Akasema: leo umechelewa, baba watoto. Ndipo akalia. Akalia sana, na mke wangu, na shemeji nyuma ya trekta akidhani hatumwoni.

Jioni mama amekula. Ameomba Filimbi ibaki pale, wawe wanamwashia. Shemeji kaniambia iache, bwana, utakwenda na basi.

Basi? Na fungate yetu? Nimekuwa nikiota tukishuka bonde lile wawili tu, kichwa chake begani mwangu. Nimemwahidi mama nitaipeleka kuing'arisha, Jumamosi nairudisha. Mke wangu hakupenda. Nikamwambia atapenda.

Jumatatu, 10 Juni

Haijawahi kukimbia vile. Halafu tukakaribia chini, kitu kikaanza kugonga ndani, kama mgeni mlangoni. Mke wangu akasema simama. Nikasema ni furaha, inanusa nyumbani. Akasema simama, mume wangu, tafadhali. Nikasema tumefika.

Mshindo. Kisha kimya.

Fundi ameifungua. Pistoni imetoboka. Mke wangu akapitisha kidole kwenye tundu, akakiacha humo muda mrefu. Fundi akaniuliza alisema tukianza kushuka nifanye nini. Nikamtazama mke wangu, labda anajua.

Ulegeze! Ulegeze, bwana harusi! Hewa ya chini nzito, mafuta uliyabana, injini imejiunguza yenyewe. Na bloku, mwili wenyewe wa injini, imepasuka, hakuna cha kuokoa.

Nikamwomba mke wangu asilie. Hakuwa analia. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Jumatano, 12 Juni

Shemeji kapiga simu. Mama anauliza habari za Jumamosi. Amelitia geti mafuta lisikwaruze, asije akakosa kusikia mwanzo wa mluzi. Mke wangu akageukia ukutani. Siku hizi ananiita wewe.

Lakini nina mpango!

Supachaja yenyewe haina hata mkwaruzo. Na mimi nina kale kagari kangu. Kadogo, ndiyo, lakini mluzi ni mluzi. Nimekimbia gereji. Fundi akashika kichwa, kisha akakubali kwamba inawezekana, ila kuna mambo matatu ya kuchunga, la sivyo nitakaua na hako. La kwanza ni mkanda. La pili ni joto.

La tatu alikuwa analisema mke wangu alipotokea mlangoni. Kilemba cha njano hakukivaa, amekikunja mkononi. Kwenye mkono wa pili, begi. Akasema anapanda basi, anakwenda kwa mama yake, lazima mtu amwambie ukweli. Hata akiwa na huzuni, shingo ile! Nikamtazama mpaka basi likakata kona.

Niliporudi, fundi alikuwa amemaliza kulisema la tatu. Nikatikisa kichwa kwa heshima.

Ametangulia kunifungulia geti, mpenzi wangu. Jumamosi napanda!